Ubao wa Televisheni ya Boti

Mvua zile kubwa zilizovunja madaraja zilikuwa zimekatika majuma machache tu, na matope ya Eneo la Viwanda yalikuwa hayajakauka, boti la Bwana Abdurahim lilipofika kwenye karakana ya Matheka likiwa juu ya trela. Lilikuwa jeupe, refu kuliko lori, likakaa katikati ya vyuma na maranda kama mgeni aliyebisha mlango usio wake. Mafundi waliacha kazi wakaja kulitazama.

"Safina imechelewa!" alisema Okumu, fundi wa rangi, ambaye maneno yake hayakuwahi kuisha mkebeni. "Mvua imekwisha ndiyo inaletwa."

"Na Nuhu ni nani?" aliuliza fundi mmoja.

"Si ni huyo mzee wa kanisa? Mzee Opicho, wanyama umewapanga wawili wawili? Mimi sina bibi, utaniingiza na nani?"

"Na punda," alijibu Opicho seremala, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Asenath, mke wa Opicho, alicheka pia kutoka langoni alikokuwa akipakua githeri ya mahindi na maharagwe. Kila siku ya kazi aliwauzia mafundi chakula cha mchana hapo, na kila siku macho yake yalikuwa mawili: moja kwenye sufuria, moja kwa mumewe. Aliona jinsi Opicho alivyogeuza uso kuelekea sauti ya Okumu, akatabasamu penye kutabasamu, kwa wakati wake kabisa. Mtu mwingine asingejua kwamba Okumu mwenyewe hakuonekana pale. Kwa Opicho, Okumu alikuwa ukungu unaosema.

Ukungu ule ulianzia jicho la kushoto, ukahamia la kulia bila kuaga. Daktari wa hospitali ya serikali alimulika ndani, akamulika tena, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mishipa ya nyuma imekufa, na hana dawa ya kuifufua. Walirudi nyumbani, mtaa wa Mbotela. Walipofika mlangoni Opicho alisema, "Nikikosa kazi, karo itatoka wapi? Triza amalize kidato cha nne kwanza. Ni miaka miwili tu. Halafu kila mtu ajue." Triza, binti yao wa pekee, alikuwa shule ya bweni huko Kakamega, na wala yeye hakuambiwa.

Kuanzia siku hiyo Opicho alijifunza useremala upya. Kwenye ukingo wa benchi lake alichonga alama za kisu kila inchi moja, na alama ndefu kila inchi kumi, ili vidole visome pale macho yalipokataa. Akitaka kujua upana wa mlango alikata ufito ukaenea, akaenda nao benchini. Watu walidhani ni mtindo wa mafundi wa zamani. Pale ambapo ufito haukufaa, alingoja saa ya chakula. Wenzake wakikaa kwenye matairi kula, Asenath alimpelekea mumewe sahani yake, akabaki naye dakika chache, akamsomea tepu ya kupimia.

Tepu yenyewe alikuwa nayo tangu bandari ya Kisumu, alikokuwa akitengeneza vyumba vya meli kabla ya kufutwa kazi. Ilikuwa imekatika kichwa. Inchi ya kwanza haikuwepo. Namba yoyote iliyosomwa, Opicho alitoa moja kimoyomoyo. Asenath alisoma anachokiona, Opicho akatoa, na mbao zikakutana.

Bwana Abdurahim mwenyewe alikuja siku moja, mtu mnene wa maneno laini, akiwa na viatu ambavyo hakutaka viguse tope.

"Fundi, hii televisheni ilinunuliwa pamoja na boti," alisema wakiwa chumbani mle ndani. "Ya kuzungusha kwa mkono. Picha yenyewe kama watu wanaotembea ndani ya uji. Nataka niweke mpya, ya rangi, nikaangalie Kombe la Dunia katikati ya ziwa Naivasha. Yawezekana?"

Opicho alipapasa ukuta. Televisheni ilikuwa imejengewa ndani kabisa, ubao mmoja umeizunguka kutoka nguzo hadi nguzo, umepinda kidogo kufuata mbavu za boti. "Yawezekana, bwana. Lakini huwezi kuing'oa hii ukaacha ubao. Vitatoka pamoja."

"Ubao mwingine ninao. Mtiki, kutoka Mombasa. Wa rangi hii hii." Alicheka kidogo, kama mtu anayeomba radhi. "Ndio wa mwisho, fundi. Aliyeniuzia amekufa na duka lake limekufa. Nakuomba."

"Usijali," alisema Matheka, mwenye karakana, akimpiga Opicho begani. "Huyu ndiye peke yake hapa anayejua kwamba ukuta wa boti haukunyooka. Nimempa kwa sababu hiyo."

Asenath aliyasikia hayo kutoka chini ya ngazi, akiwa na sahani mkononi, na moyo wake ukajaa. Muda ulikuwa mrefu tangu asikie mtu akimsifu mumewe mbele ya tajiri.

* * *

Siku ya kupima, Opicho hakuwa sawa. Hakulala, Asenath alimsikia akigeuka na kunong'ona namba gizani. Asubuhi alitia chumvi kwenye chai akainywa yote bila kusema. Alijua kwamba ufito hautapita, kwa kuwa tumbo la televisheni kuukuu lilijitokeza katikati ya ukuta. Tepu tu ndiyo ingeweza kukunjwa ikapitishwa nyuma yake.

Saa ya chakula Asenath alipanda ngazi. Mle ndani kulinuka gundi na ziwa. Nyuma ya televisheni kulikuwa na wadudu wakavu wa miaka mingi, weupe kama pumba. Opicho alishika ncha ya tepu kwenye nguzo moja, Asenath akaivuta hadi nguzo ya pili, akainama, shavu likagusa vumbi.

"Soma, Mama Triza."

Tepu ilisema hamsini na moja. Asenath alimtazama mumewe: midomo imekauka, uso umechoka kwa kukosa usingizi. Akajisemea, leo nisimwachie hata hili. Leo nimtolee mimi ile moja.

Ngazi ililia. Mtu alikuwa anapanda.

"Hamsini," alisema Asenath haraka, akaiachia tepu ikajikunja.

Kichwa cha Matheka kilichomoza. "Mama Triza! Na wewe siku hizi ni fundi?"

"Nimemletea chakula, Bwana Matheka. Huyu asiposimamiwa atakula maranda."

"Msimamie basi. Mwenye boti amepiga simu tena." Matheka aliegemea mlango, akabaki pale akieleza habari za simu ile, na akaendelea kueleza mpaka sahani ya Opicho ikaisha. Asenath alichukua sahani akashuka. Langoni wateja walikuwa wanadai maji ya kunywa, mmoja analalamika maharagwe hayakuiva, Okumu anataka kuongezewa kwa mkopo. Alipokumbuka kwamba hajamwambia mumewe kuwa ameshatoa, msumeno ulikuwa unalia tayari.

Hata hapo hakutambua hatari. Alijiambia: si nimemtolea, basi iko sawa.

Benchini, Opicho alichukua hamsini aliyopewa, akatoa moja kama alivyotoa siku zote. Vidole vikapita alama nne ndefu, vikahesabu fupi tisa, vikasimama. Mkono wake haukukosea hata unywele. Alikata mtiki ule kwa unyoofu ambao Okumu, aliyekuwa akipita, alisimama kuutazama.

* * *

Watu wanne waliitoa televisheni kuukuu na ubao wake, wakaiteremsha kama wanaoteremsha mgonjwa. Mpya ilikuwa ikingoja ndani ya sanduku lake. Kisha Opicho alipandisha ubao wa mtiki, akausukuma mahali pake, na kwa mara ya kwanza tangu boti lifike, hakukuwa na mtu aliyesema neno.

Asenath alikuwa anakusanya sahani. Kimya kile kilimfikia langoni. Akaziacha chini.

"Mzee," alisikia sauti ya Matheka, "hii ni nini?"

Alipanda ngazi bila kuitwa. Kati ya ubao na nguzo palikuwa na mwanya. Kidole gumba cha Matheka kiliingia chote, kikatoka, kikaingia tena. Opicho alikuwa amegusa upande wake, ameona kwa vidole, na uso wake umekuwa kama jivu.

"Hamsini," alisema polepole. "Nilipewa... Nilipima hamsini."

"Nilikuwa nimeshatoa," alisema Asenath. "Ile moja. Nilikuwa nimeshaitoa."

Waliokuwepo hawakuelewa alichosema. Opicho alielewa. Alimgeukia, na Asenath akatamani amtukane, ampige hata kofi mbele ya watu, kitu ambacho hakuwahi kufanya tangu waoane. Opicho aliinamisha kichwa tu.

"Ametoa nini?" aliuliza Matheka. "Mama Triza, umetoa nini? Nani alipima hapa?"

"Nilipima mimi," alisema Opicho.

"Wewe? Inchi nzima? Wewe uliyewafunza hawa wote?" Matheka alisogea karibu. Hakuwa mtu mbaya. Hasira yake ilikuwa imechanganyika na kitu kingine. "Mzee, juzi uliusalimia mlingoti. Nilikuona. Wiki iliyopita ulimimina vanishi pembeni ya mkebe. Niambie kama mtu na mwenzake. Ni macho?"

Boti zima lilingoja.

"Macho yangu hayana kitu," alisema Opicho. "Nilikunywa."

"Ulikunywa nini?"

"Chang'aa."

Mtu alicheka kidogo, akajizuia. Matheka alimkodolea macho. "Wewe? Mzee wa kanisa? Wewe ambaye kwenye harusi ya Okumu iliyovunjika ulikataa hata soda kwa sababu chupa zilikaa kreti moja na bia?"

"Mtu hawezi kujua siku ya kuanguka, Bwana Matheka."

Matheka alimgeukia Asenath. "Mama Triza, huyu simwamini. Wewe nakuamini. Umelisha watu langoni mwangu miaka na hujanidanganya hata kikombe cha maharagwe. Ni kweli mzee hunywa?"

Tangu aokoke akiwa msichana, Asenath alikuwa amesema uongo mdogomdogo wa kuficha njaa mbele ya wageni, basi. Alimtazama Opicho. Macho yale yalikuwa yanatazama bega lake, yakidhani ni uso. Yalikuwa yanalisihi bega.

"Ndiyo," alisema.

Matheka akashusha pumzi, na ajabu yake ni kwamba ilikuwa kama pumzi ya mtu aliyepona. "Basi. Afadhali. Walevi ninao, nawajua, mlevi akilala huamka. Kama ingekuwa macho, ningekuwa nimekuzika, mzee wangu." Alitazama ule mwanya, akatikisa kichwa. "Mwenye boti nitamkabili mimi, sijui kwa uso gani. Wewe nenda nyumbani. Pasta wenu akinithibitishia umeacha, benchi lako liko pale. Nitakuja kanisani mwenyewe nisikie kwa masikio yangu."

* * *

Habari ya mlevi ina miguu. Kabla hawajafika Mbotela ilikuwa imeketi barazani ikiwangoja.

"Niaje, buda!" kijana mmoja kwenye kona alimpazia Opicho salamu. "Leo umetuwachia glasi ngapi?" Wenzake wakagongana mabega wakicheka. Opicho alikanyaga ukingo wa mtaro, akayumba, na kicheko kikapanda. Asenath alimshika kiwiko. Alijua jinsi wanavyoonekana: mke anamkokota mumewe, mchana wa jua.

Lela, jirani yao aliyekaanga viazi karai mlangoni, aliacha karai lake motoni akamfuata Asenath hadi ndani, akamvuta kando ya pazia.

"Shoga, ni kweli haya?"

"Ni kweli."

"Haya. Wallahi ningekata kichwa changu nikasema siyo. Miaka kumi na moja twachangia ukuta huu mmoja, akikohoa nasikia. Harufu sijaisikia hata siku moja. Lakini wewe ndiwe mkewe." Alikumbuka karai lake, akageuka. "Viazi nitakuletea. Usinilipe."

Alipotoka, Asenath alikaa kitandani. Opicho alikuwa amekaa kwenye kiti chake, bado amevaa aproni ya kazi.

"Umenifanya niseme uongo, Baba Triza."

"Ungesema hapana."

"Ningesemaje hapana?"

"Basi." Alipangusa uso kwa kiganja. "Umemsikia mwenyewe. Mlevi ana njia ya kurudi."

"Na ile inchi? Mbona huniulizi ile inchi?"

"Nikuulize nini? Ulitaka kunisaidia. Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza, umetoa ama hujatoa. Sikutaka Matheka asikie naulizia namba. Ni aibu yangu iliyokata ule ubao."

Asenath alilia, na Opicho akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wake.

* * *

Kanisa lao lilikuwa na taratibu. Mzee aliyeanguka alisimamishwa uzee, na akitaka kurudi alikuja mbele Jumapili, akapiga magoti, akawekewa mikono, kisha akawageukia watu na kusoma mwenyewe, kwa kinywa chake, zaburi ya toba. Pasta Nalianya alikuja nyumbani kueleza hayo. Aliketi akinusa hewa bila kujua kwamba ananusa.

"Sitasema nilikunywa," Opicho alimwambia Asenath, pasta alipoondoka. "Mbele za Mungu sitasema. Nitasoma zaburi tu. Zaburi hata bila pombe ni yangu, dhambi sikosi."

Zaburi yenyewe aliijua kwa moyo tangu utoto. Kilichobaki ni mwendo. Wakafanya mazoezi usiku na mchana katika chumba kile kimoja: kitanda kikawa viti vya kanisa, meza ikawa madhabahu. Asenath alisimama mahali pa pasta. "Hapa unapiga magoti. Sasa inuka. Geukia kulia kwako, polepole, mpaka usikie sauti ya watoto. Wao hukaa mbele. Fungua kitabu. Sogeza kidole." Opicho aligeuka, akafungua, akasogeza kidole. Mara moja aligonga meza na chai ikamwagika, wakacheka wote wawili, na kicheko kiliwashangaza.

Jumapili kanisa lilijaa kuliko siku ya Krismasi. Kuanguka kwa mtu kunavuta watu kuliko kuzaliwa kwa Mwokozi, na Asenath aliomba msamaha moyoni kwa kuwaza hivyo. Matheka alikuja kama alivyoahidi, akakaa karibu na mlango, kofia mapajani.

Opicho alienda mbele vizuri. Akapiga magoti mahali pake hasa. Asenath alianza kupumua.

Kisha pasta akawaita wazee wote. Walikuja saba au wanane, wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani na mabegani, wakaanza kuomba kwa nguvu, kila mmoja na maombi yake. Walimvuta huku na huku, walimwinua, mmoja alimshika kiuno akikemea roho ya ulevi, akamzungusha pamoja naye. Hilo hawakulifanyia mazoezi. Asenath aliona miguu ya mumewe ikitafuta sakafu. Kwaya nayo iliimba juu ya yote, na sauti za watoto zikamezwa.

Wazee walipomwachia na kurudi nyuma, Opicho alikuwa ametazamana na ukuta.

Alifungua kitabu. Alisogeza kidole. Akaanza kuisema zaburi kwa sauti nzuri, ya kina, sauti ambayo Asenath aliipenda kabla hajaupenda uso, akiwaambia mawe ya ukuta jinsi moyo wake ulivyovunjika. Mwanzoni watu walidhani ni unyenyekevu. Kisha mtoto mmoja akacheka. Kisha mnong'ono ukapita safu kwa safu: amelewa. Hata leo. Hata hapa. Yesu wangu, hata hapa.

Pasta Nalianya aliinua mkono watu wanyamaze. Uso wake ulikuwa umejaa uchungu wa kweli. "Dada Asenath," alisema, "sipendi kukuuliza. Amekunywa leo?"

Asenath alisimama. Alijua yuko wapi Matheka bila kugeuka. Akisema ndiyo, mlevi huyu hana njia tena. Akisema hapana, kila mtu atauliza basi ni nini. Na mwanamume aliyekula naye sahani moja miaka yote ile alikuwa anaambiwa na kanisa lake kwamba amemjia Mungu na pombe mdomoni.

"Hajanywa," alisema. "Leo hajanywa, na siku ile hakunywa. Hajawahi. Niliwadanganya. Haoni. Mume wangu haoni."

Zaburi ilikatika katikati ya mstari.

Asenath alitembea hadi mbele, akamshika Opicho mabega, akamgeuza awatazame watu. Mashavu ya Opicho yalikuwa yamelowa. Hakumsukuma wala hakumlaumu. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama wanavyoulizana nyumbani:

"Matheka alikuja?"

"Alikuja."

"Ameketi wapi?"

"Karibu na mlango. Amesimama sasa. Ameshika kofia."

Opicho alinyoosha kichwa, akajaribu kusikia nyayo. Watoto wa mbele walikuwa wanavuta kamasi.

"Anakuja huku, Mama Triza, ama anatoka?"

Asenath alitazama.

"Anatoka," alisema.